Binti wa Dirishani na Mkeka wa Mama Zaina

Saidi aliingia msibani na viatu vya ngozi ambavyo vumbi la kambi ya Dzaleka lilikuwa halijavigusa vizuri. Alikuwa ametoka safari ndefu, mvi zimeanza kumshika pembeni mwa kichwa, na wasichana waliokuwa wanagawa chai wakawa wanaulizana kwa macho huyu baba anayenukia manukato ni nani. Alisimama mlangoni, akavua viatu, akaviegemeza ukutani, akaja mpaka kwenye mkeka tuliokaa sisi tuliofundishwa na marehemu. Halafu akashuka. Hakushuka kama watu wa umri wetu wanavyoshuka, mkono kwenye goti na kuguna juu yake. Alishuka mgongo umenyooka, magoti yakifunguka pole pole, mikono ikimfuata kwa nyuma kidogo, mpaka akawa amekaa chini na miguu kainyoosha mbele. Nikaziba mdomo kwa kitenge, maana nilikuwa nacheka, na kucheka msibani si adabu. Yeye aliniona, akanifinya kidole cha mguu. Tuliyekuwa tunamlilia ni Madame Georgette, na Madame alikufa mzee, kitandani kwake, ameshiba sombe ya majani ya muhogo, baada ya kumgombeza mtu asubuhi hiyo hiyo. Tulikuwa na huzuni, sitadanganya, lakini haikuwa ya kumlaumu Mungu. Ule ushukaji wa Saidi ulikuwa wa Madame mwenyewe, kipande kwa kipande, na pale pale kwenye mkeka ulinirudisha mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Mwaka ule Madame alikuwa anaishi katika chumba kimoja cha matofali mabichi, kimegawanywa kwa pazia la maua. Mbele ya pazia kulikuwa na cherehani ya kukanyaga, sare za kwaya zinazongoja vifungo, na meza ndogo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe juu yake. Nyuma ya pazia alilala. Alikuwa mwanamke wa Bukavu mwenye shingo ndefu, mkali, msafi kupita kiasi, na kambini alijulikana kwa mambo mawili: anashona vizuri, na anafundisha watoto ile dansi ya wazungu ya kusimama kwenye ncha za vidole. Baleti. Aliisoma akiwa msichana mdogo, kwa mama mmoja wa kigeni aliyekuwa na ukumbi wenye vioo karibu na ziwa. Sisi hatukuwa na kioo wala sakafu ya mbao. Tulikuwa na nyumba ya sala, baada ya kwaya kutoka, udongo uliosindiliwa na kumwagiwa maji ili vumbi litulie, na mwanzi mrefu uliofungwa kwenye madirisha ambao tuliushika tukikunja magoti na kunyoosha miguu. Muziki ulikuwa wa redio, na betri zikiisha ulikuwa wa mama wa nyumba ya pili waliokuwa wanatwanga sombe. Madame alisema wakitwanga watatu kwenye kinu kimoja wanafanya valsi safi ya mapigo matatu, hakuna orkestra itakayowashinda. Alipita nyuma yetu na rula yake ya ushonaji, hakupiga mtu, alikugusa tu katikati ya mabega na kusema neno moja: "Mugongo." Mpaka leo nikisikia neno hilo sokoni, hata kwa muuza nyama, najinyoosha.

Jozi ya viatu vya kusimamia vidole ilikuwa moja kwa kundi zima. Ilitoka kwenye kaunjika, ile mitumba inayomwagwa chini siku za soko, na Madame aliitambua katikati ya rundo la raba zilizochakaa akaishika kifuani kabla muuzaji hajajua anauza nini. Ilinitosha mimi, nikijaza vitambaa mbele. Ndiyo maana mimi ndiye niliyechaguliwa kwa ngoma yake, na wenzangu walinitania mwaka mzima kwamba kipaji changu kiko kwenye saizi ya miguu. Ngoma yenyewe aliiita Binti wa Dirishani. Binti wa mfalme anamngoja mtu aliyeondoka. Anakwenda dirishani, anarudi, anazunguka, anakwenda tena, na mwisho anasimama juu ya ncha za vidole, kiganja juu ya macho, anaendelea kungoja mpaka pazia linafungwa. Madame alifundishwa ngoma hiyo yote. Gauni lilikuwa limeshashonwa, siku ilikuwa imeshapangwa, halafu Bukavu ikawa si mahali pa kucheza tena. Hakuwahi kuicheza mbele ya watu hata mara moja. Siku moja akinipima kiuno, pini mdomoni, aliniambia kwamba kuna ukumbi Lilongwe umekubali vikundi vya dansi mwishoni mwa mwaka, na kwamba kabla magoti yake hayajamkatalia kabisa alitaka kuiona ile ngoma kwenye jukwaa la kweli, mpaka mwisho wake, kama ilivyo. "Mi sikumalizaka," alisema. "We utanimalizia." Sijui kama alijua anavyonibebesha mzigo, lakini niliupokea kwa furaha kubwa sana.

Halafu Saidi akaja. Alikuwa kijana wa Kindu, wa watu wa biashara, na shangazi yake Mama Zaina alikuwa anauza vitenge na samaki wakavu Kawale, mjini Lilongwe. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amepita miji mingi na kucheza na vikundi vya huko, na alikuja na mfuko wa diski za video na maneno mengi. Alisimama mlangoni akitutazama mazoezi mazima, na Madame, ambaye alipenda mtu anayejua anachokiangalia, akamwachia wavulana awafundishe. Jumamosi moja Saidi akambembeleza mwenye kibanda cha video atupe saa moja kabla ya mpira. Tukakaa kwenye mabenchi, Madame mbele kabisa na mkoba magotini, na nyuma yetu vijana waliowahi nafasi za mechi, wanatafuna miwa. Kwenye televisheni walitokea wachezaji wenye miguu na migongo ile ile aliyokuwa anatuhubiria Madame, ungeona wazi kwamba wamekua kwenye baleti, lakini walikuwa peku. Walivaa nguo za kawaida, kama watu wanaokwenda dukani. Mwanamke alimbeba mwanaume. Mguu ulipanda juu vizuri kabisa, halafu goti likageukia ndani, kitu ambacho kwetu ungeguswa rula kwa ajili yake. Muziki ulikatika, nao wakaendelea, unasikia pumzi zao tu. Na walianguka. Walianguka, wakabingirika, wakainuka, wakaanguka tena.

"Penalti," akasema mtu kule nyuma, na kibanda kizima kikacheka. Mimi nilicheka pia, lakini nywele za mikono zilikuwa zimesimama. Nilikuwa nimejua baleti kama kitu kinachopanda. Kila tulichofundishwa kilikuwa cha kuikimbia ardhi, na hawa walikuwa wanairudia kwa hiari yao. Madame aliinuka kabla haijaisha, akapita katikati ya vijana wa mpira, wakamsogezea magoti kwa heshima. Nje alimngoja Saidi.

"Hii haiko danse," alisema. "Hii ni bantu banaanguka."

"Madame, hao bote balisomaka baleti classique. Miaka mingi."

"Njo mubaya zaidi. Mutu asiyejua, nitamuhurumia. Huyu anajua, na anaanguka."

"Haangukake, Madame. Anaenda chini. Iko tofauti."

"Sawa. Nionyeshe iyo tofauti." Saidi akajaribu, pale pale njiani, mbele ya waendesha kabaza waliokuwa wanangoja abiria kwenye baiskeli zao. Alijiachia, akatua na bega, akainuka na suruali nyekundu kwa udongo. Madame alimtazama kwa utulivu mbaya sana. "Umeanguka," akasema, akaenda zake. Waendesha kabaza wakamwonea Saidi huruma, mmoja akamwambia pole, akafuta mgongo wake.

Kuanzia siku ile nikawa katikati. Saidi alitaka Binti wa Dirishani ifunguliwe: binti avue viatu, ashuke, mwisho usiwe wa kungoja tu. Alikuwa na hoja. Alisema tuko kambini, tunajua kungoja kuliko binti wa mfalme yeyote, kwa nini tukawaonyeshe watu wa Lilongwe kungoja kwa kupendeza? Madame alitaka mwisho wake. Siku moja nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia lake nashona utepe wa kiatu, jirani akaja kuchukua gauni, wakaanza kuzungumza kama mimi sipo. "Aline atamufwata ule kijana," Madame alisema, na Aline ni mimi. Jirani akamwambia, si umuache tu, batoto ba siku hizi. Cherehani ikanyamaza. "Sina mwingine," Madame akasema. "Akienda kucheza bintu bya pale kwa video, mi nafunga. Nitashona tu sare." Halafu cherehani ikaanza tena. Nilikaa na sindano mkononi. Niliwapenda wote wawili, na nilikuwa naipenda dansi ya Saidi kwa namna iliyonitia aibu, na niliona kabisa kwamba ukumbi wa Lilongwe utanitaka nichague. Jioni ile Madame alinipakulia bugali na maharage, akaniwekea kipande cha samaki, nami nikala.

Aliyetutoa pale alikuwa marehemu ambaye hatukuwahi kumwona. Baba yake Saidi alifariki Kindu, na habari ikafika kwa simu. Matanga yakafanyika Kawale, kwa Mama Zaina, dada wa marehemu: msiba bila maiti, bila kaburi la kwenda. Sisi watu wa kambini tuliizoea misiba ya namna hiyo, lakini haizoeleki. Nilitangulia kusaidia chai. Chumba cha mbele kilikuwa kimetolewa viti vyote, mikeka imetandikwa, na Mama Zaina, mwanamke mnene mcheshi ambaye soko zima lilimjua kwa kicheko, alikuwa amekaa ukutani miguu mbele, macho yake hayaangalii kitu. Kila dakika chache aliangalia mlango. Aliniambia baadaye kwamba akili yake ilikuwa inajua, ila macho yalikuwa bado yanamngoja kaka yake aingie. Wanawake waliingia mmoja mmoja. Kwetu mtu mwenye msiba humsemeshi ukiwa umesimama. Hata pole, huitoi kwa juu. Unavua viatu, unateremka mpaka alipo, unakaa naye kwanza, maneno yatakuja yenyewe au hayatakuja.

Madame aliingia na gauni lake la kanisani. Hakuna aliyemtegemea, tangu siku ya kibanda alikuwa hasalimiani na Saidi zaidi ya lazima. Akavua viatu mlangoni. Akavuka chumba. Mbele ya Mama Zaina alisimama kitambo, halafu akashuka, na mimi niliyeshika sinia ya vikombe nikasahau ninachokifanya. Magoti yake mabovu yalimlazimu aende pole pole. Mgongo haukuvunjika hata kidogo. Ilikuwa plié, ule mkunjo wa magoti, ile ile ya kila siku kwenye mwanzi, ila haikukomea njiani. Iliendelea, ikapita mahali ambapo sisi huwa tunageuza na kupanda, ikafika chini kabisa, bila kishindo, na uzito wake wote ukatua kando ya yule mama. Akanyoosha miguu. Mama Zaina, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu simu, akalaza kichwa begani kwake akalia. Nilipogeuka nilimkuta Saidi mlangoni, ameshika thermos, anaangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa ajili ya baba yake, na nadhani pia kwa kile alichokiona. "Umeona?" akaniuliza kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimeona.

Baada ya hapo kazi ilijifanya yenyewe, tuliikimbiza tu. Tulifanya mazoezi kwa Mama Zaina siku za Jumapili, viti nje, kati ya marobota ya vitenge, huku samaki wakavu wakitunukia. Sehemu ya Madame hatukuigusa hata kwa kidole: dirisha, mizunguko, viatu, kila kitu kama alivyonifundisha, na Saidi mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali zaidi nikiivuruga. Tulibadilisha mwisho tu: binti anatoka dirishani kwenda mkekani. Saidi alisema anataka mtu wa kweli kwenye mkeka, si mchezaji. Akamwomba shangazi yake. "Mi?" Mama Zaina akashangaa. "Na huu mwili? Mutavunja jukwaa la bantu." Saidi akamwambia hatacheza, ataikala tu, akae pale mkekani. Mama Zaina akafikiri, akasema kuikala njo kazi yake tangu azaliwe, sokoni hakuna anayemshinda, na kicheko chake kikarudi siku ile kwa mara ya kwanza. Tukala wali na samaki kwenye sinia moja, na nilifurahi kupita kiasi mpaka nilipokumbuka kwamba Madame hajui.

Hatukumwambia. Alikuwa amesema atakuja kuona ngoma yake, na tukiiharibu atatoka, na hatatufundisha tena. Alilisema mara moja, bila hasira, na kila mtu alijua kwamba Madame akisema amesema. Saidi aliamini akiona ataelewa. Mimi sikuwa na uhakika huo. Leo nafundisha watoto Nsungwi, mtaa mwingine wa Lilongwe, kwenye chumba cha kupanga chenye sakafu ya saruji, Wamalawi na Wakongo pamoja, na nimetazama kazi nyingi za hao watunzi wa dansi wa siku hizi, zaidi ya zile diski za Saidi. Kuna watu wanasema waliivunja baleti. Wangekuwa wameivunja ningeona vipande. Wengi wao walikaa miaka kwenye mwanzi kama sisi, wakaujua mgongo ule mpaka mifupani, halafu wakauliza maswali ambayo mtu wa nje hawezi kuyauliza: huyu binti ana uzito gani, akichoka anakwenda wapi, kwa nini habebi mtu, kwa nini haruhusiwi kugusa ardhi anayoikanyaga? Wakaipa ile dansi ya zamani mahali pa kukaa. Watoto wangu wananiuliza, tishala, ndivyo wanavyomwita mwalimu, tutaanza lini kuanguka. Nawaambia tutashuka, hatutaanguka, na kwanza nionyesheni mnasimamaje. Wanaguna. Nami najisikia nimekuwa Madame, na sichukii.

Ukumbi wa Lilongwe ulikuwa wa shule fulani, jukwaa la mbao, pazia zito la kijani. Watu wa kambini walikodi gari wakaja na chakula chao, wakajaza safu za mbele, na Madame alikaa katikati yao kichwa juu. Vikundi vya mjini vilicheza kwa vishindo vikubwa, ukumbi ukipiga makofi na kusema zikomo, asante ya Kichewa. Kisha dirisha letu la mbao likawekwa, na upande wa pili mkeka, na Mama Zaina akaja akakaa juu yake kwa kitenge chake cha kila siku, miguu mbele. Nikacheza. Sijui nilivyocheza, najua sikutetereka kwenye mzunguko wa mwisho, na kwamba nilipopanda kwenye ncha za vidole na kuweka kiganja juu ya macho nilimwona Madame amebana mikono yake kifuani. Huo ndio ulikuwa mwisho wake. Nikaushikilia mpaka misuli ikaungua, ili awe ameupata, ili hata akitoka awe ameuona. Halafu muziki ukanyamaza, nikateremka, nikakaa ukingoni mwa mkeka, nikafungua utepe.

Madame akasimama. Nilimwona kwa jicho la pembeni, gauni lile la kanisani likiinuka kutoka safu ya mbele. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kuendelea. Niliviweka viatu pembeni vikitazamana na dirisha, nikainuka, nikaingia mkekani peku, nikashuka kando ya Mama Zaina kama nilivyomwona yeye ameshuka, mpaka chini, nikanyoosha miguu. Mama Zaina akalaza kichwa begani kwangu. Watu wa mjini walingoja kuona kama imeisha. Watu wetu hawakupiga makofi, hakuna mtu wa kwetu anayeweza kupigia makofi mkeka ule. Kina mama walikuwa wamefunika vichwa kwa vitenge. Nikasikia ngazi za jukwaa zikilia.

Alikuwa hajaelekea mlangoni. Alikuwa amefika juu, na pale ambapo mbao zinakutana na mkeka alisimama akavua viatu vyake, kimoja, kisha kingine, akaviweka karibu na vyangu. Akapita mbele ya dirisha. Aliliangalia tu, kidogo, kama unavyoiangalia nyumba uliyowahi kukaa. Halafu, mbele ya ukumbi wote, akashuka, mgongo umenyooka, magoti yake mabovu yakitetemeka na kumtii, akakaa upande wangu wa pili. Taa zilikuwa usoni mwake na alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, nimejikunja, sijijui. Mtu wa pazia, maskini, hakujua afunge au aache, akaacha. Tukakaa hivyo sote watatu. Madame akainamisha kichwa kidogo sana kuelekea sikio langu.

"Mugongo," akasema.

Nikanyooka.